Jicho la Halimo, Kadi ya Awil

Jicho la Halimo lilianza kuzimika Jumapili asubuhi, akichambua mchele. Aliona kitu cheusi kikishuka kutoka juu, polepole, kama mtu anayeteremsha pazia asitake kumwamsha aliyelala. Akafuta jicho kwa ncha ya mtandio, akafuta tena, kisha akamwita binti yake.

"Ubah, nani amesimama dirishani?"

Dirishani hapakuwa na mtu.

Jicho lake la kushoto lilikufa miaka ya vita, na lilishasahaulika kabisa. Kwa hiyo hili la kulia ndilo lililokuwa macho yake yote. Kesho yake daktari wa macho wa Hargeisa alilimulika, akazima taa, akaiwasha tena, akamwambia Ubah ukweli bila kuuzungusha.

"Utando wa nyuma ya jicho unabanduka. Hapa hatuna mashine ya kuurudisha. Mpelekeni Addis. Mna wiki moja, siku kumi zikizidi sana. Baada ya hapo msipoteze nauli."

Kabla ya adhuhuri Halimo alikuwa amekwishaketi mbele ya wanawake wauza dhahabu, chini ya miavuli yao sokoni, akijivua bangili moja baada ya nyingine. Zilikuwa saba. Ubah alikuwa analia. Mama yake hakulia.

"Nilizinunua nikiwa naona," alisema. "Nikipofuka, nani ataniambia kama bado zinang'aa?"

Zikatoka dola elfu mbili na mia saba. Familia ikamshukuru Mungu kwamba shida ya fedha imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, maana sasa palizuka swali jipya: fedha hizo zitavukaje mpaka?

*

Kikao kilifanyika jioni hiyo nyumbani kwa Awil Jama, mume wa Ubah. Awil alikuwa dalali wa mifugo, mtu wa maneno mengi na shati lililopigwa pasi. Alijisifu kwamba hajashika noti kwa miaka kumi na mmoja. Hilo halikuwa ajabu kubwa Hargeisa, mji ambao hata ombaomba wa mlango wa msikiti ana namba yake ya simu imeandikwa kwenye kipande cha boksi. Ila Awil alilisema kana kwamba simu aliibuni yeye.

Shemeji yake Guled, mtoto wa kiume wa Halimo, alikuwa ameingia kutoka Berbera na lori la saruji, vumbi bado liko kwenye nyusi.

"Mimi nasema noti," alisema Guled. "Dola mkononi. Nazishona kwenye mkanda, mama anaufunga kiunoni ndani ya gauni. Askari gani atampekua bibi kipofu?"

"Kipofu mama yako!" alisema Halimo kutoka kwenye mkeka.

"Si ndiye wewe?"

Wakacheka wote, hata Halimo. Awil alisubiri kicheko kiishe.

"Shemeji, lori lako ni la mwaka gani?"

"Themanini na nne."

"Basi na akili zako umezinunua pamoja nalo. Watu wananyang'anywa dola mpakani kila siku. Mkanda! Mwaka huu, mkanda!"

Jirani yao, Mzee Muse, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa akabakia kwa ajili ya chai, alipendekeza hawala, fedha apewe wakala wa hapa, mwenzake wa kule azitoe. Awil alimsikiliza kwa adabu, akamwuliza ofisi ya hawala huko Addis iko mtaa gani. Mzee Muse akasema haina kibao. Awil akatandaza mikono, kana kwamba mzee amejijibu mwenyewe.

Ndipo akatoa mfukoni karatasi ya rangi ya benki moja mpya. Ilikuwa na picha ya mwanamke mwenye miwani ya jua akilipia kahawa kwa kadi, amefurahi kama mtu aliyepewa ile kahawa bure.

"Kadi," alisema Awil. "Unaweka fedha zako humu ndani. Ukiibiwa, mwizi hana namba ya siri. Askari akikupekua anakuta plastiki. Inakubalika katika nchi mia mbili."

"Nchi zenyewe zinafika mia mbili?" aliuliza Halimo.

"Mama, wewe pumzika. Haya ni mambo ya kibenki."

Kadi haikutoka siku hiyo. Palihitajika fomu, halafu picha, halafu picha nyingine kwa kuwa katika ile ya kwanza Awil alikuwa ametabasamu. Akaipata Jumatano jioni, akaijaza dola elfu mbili na mia nne, na zile mia tatu akazibadilisha kuwa noti ndogo za njiani, shingo upande. Usiku huo aliilaza kadi chini ya mto. Halimo alilala chali, akilitazama pazia lake likishuka.

*

Alhamisi alfajiri walipanda gari kwenda Wajaale: Halimo, Ubah na Awil. Mpakani walikuta foleni ndefu upande wa Wahabeshi. Mbele yao mzee mmoja muuza vitambaa alivuliwa kobazi. Askari alizikunja soli, akazitazama, akaomba kisu. Ndani zilikuwamo dola, zimepangwa vizuri kama sambusa kwenye sinia. Mzee hakuwa amezitaja kwenye fomu. Zikachukuliwa zote, akapewa kipande cha karatasi, na kobazi zake zilizopasuliwa.

Awil alijipapasa mfuko wa shati.

"Umeona?" alimnong'oneza mkewe. "Kamwambie kaka yako."

"Yule mzee analia, Awil."

"Namhurumia. Lakini kamwambie kaka yako."

Na kwa kuwa Ubah hakuonyesha haraka ya kumwambia, Awil aliandika ujumbe mwenyewe: *Shemeji, leta mkanda wako huku, kuna watu wanapenda kushona na kufumua.* Akautuma. Walipopiga hatua mia mbili ndani ya Ethiopia, alama za mtandao juu ya kioo cha simu zikapungua, zikabaki moja, zikaisha. Awil akairudisha simu mfukoni. Alikuwa na kadi. Mtandao wa nini?

Mjini Jijiga wakapanda ndege ya jioni. Addis wakafikia mtaa wa Bole Mikael, kwenye gesti ya Bi Idil, mwanamke mnene wa Burao aliyekaa nyuma ya kaunta yake tangu alfajiri mpaka taarifa ya habari ya usiku, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto.

"Kadi hatupokei," alisema kabla Awil hajamaliza kuitoa.

"Inakubalika nchi mia mbili, dada."

"Hapa ni gesti, ndugu yangu. Si nchi."

*

Ijumaa saa tatu asubuhi walikuwa hospitali, pamoja na Bedri, kijana wa Jijiga aliyetafsiri kwa malipo ya nusu siku. Daktari Fikremariam, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, alimwangalia Halimo kwa muda mrefu.

"Anasema katikati ya jicho bado hapajaguswa," Bedri alitafsiri. "Anasema mmekuja kwa wakati. Kesho Jumamosi asubuhi ana nafasi ya kumpasua. Kulipa ni leo, kabla ya saa kumi. Jumapili na Jumatatu ni sikukuu ya Ubatizo, hafanyi kazi."

Bei ya upasuaji ilikuwa kama dola elfu moja na mia tisa kwa birri, fedha za kwao. Awil alishuka ngazi hadi kwa mtunza fedha kama bwana harusi anayekwenda kutoa mahari. Mbele yake mkulima mmoja, amejifunga shuka jeupe, alimwaga birri kutoka mfuko wa plastiki, zikahesabiwa kwa mashine, trrrr, akapewa risiti. Awil alimtazama kwa huruma.

Binti wa dirishani aliitwa Selamawit. Jina lilikuwa kifuani. Akaipokea kadi, akaichomeka. Awil akabonyeza namba zake za siri, mkono wa pili ukizikinga watu wasione. Mashine ikafikiri, ikalia.

"Anasema imekataa," alisema Bedri.

"Mwambie ajaribu tena."

Ikalia tena.

"Anasema imekataa tena."

"Mwambie ina fedha. Elfu mbili na mia nne. Mwambie nimeziweka mwenyewe juzi."

Bedri akasema. Selamawit akajibu bila kuinua macho.

"Anasema kila mtu husema hivyo."

Watu sita walikuwa nyuma kwenye foleni. Mmoja wao, mwanamke aliyembeba mtoto mwenye bandeji, alisogea ili aone vizuri. Awil alibonyeza mara ya tatu, akizikandamiza zile namba kama anamminya mtu koo. Safari hii mashine haikulia. Iliandika maneno marefu.

"Inasema uwasiliane na benki yako," alisema Bedri.

Ilikuwa Ijumaa. Benki yake Hargeisa ilikuwa imefungwa, na wenyewe wanajiandaa kwenda kuswali.

Ubah alimvuta mumewe pembeni, chini ya picha kubwa ya jicho lililokatwa nusu.

"Nimpigie Guled? Gesti kuna intaneti, nampata kwa watsapu."

"Guled wa nini?"

"Ana marafiki. Atakopa. Atatafuta njia ya kutuma."

"Ubah." Awil alishusha sauti. "Fedha ninazo. Mtu mwenye fedha haombi. Kesho asubuhi benki inafungua, ni simu moja tu. Unataka kaka yako anicheke mpaka kaburini?"

Ubah alitazama chini. Alikuwa na miaka kumi na minne ya ndoa, na alijua pale ambapo neno la pili huzaa ugomvi. Akalimeza. Baadaye angejilaumu kwa hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Juu, Halimo aliwauliza kama wamelipa.

"Mashine inapumzika kidogo, mama," alisema Awil.

"Haya. Liambieni na jicho lipumzike."

*

Jumamosi saa mbili asubuhi Awil alisimama karibu na kaunta ya Bi Idil, mahali intaneti iliposhika vizuri, akaipigia benki. Akajibiwa na sauti ya kijana yenye adabu nyingi, ile adabu ya mtu ambaye hawezi kukusaidia.

"Kadi imefungwa kwa usalama wako, mteja wetu. Iliombwa fedha nyingi kutoka nchi ya kigeni."

"Ndiyo, na mimi! Niko huku nchi ya kigeni!"

"Hongera. Ulitujulisha kwamba unasafiri?"

"Niliwaambia wakati naichukua! Niliwaambia naichukua kwa ajili ya safari!"

"Kuna fomu yake. Lakini usijali, naifungua sasa hivi. Nimekutumia namba ya uthibitisho kwenye simu yako. Nisomee."

"Kwenye laini ipi?"

"Laini yako ya Hargeisa."

"Laini ya Hargeisa haishiki Addis, ndugu yangu."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa. Kijana alikuwa anasoma mahali fulani.

"Nimekutumia nyingine sita. Hata moja haijafika?"

"Haiwezi kufika! Hapa hakuna mtandao wa kwetu!"

"Basi sogea mahali palipo na mtandao."

"Pa karibu ni Wajaale! Ni safari ya siku nzima!"

"Sawa," alisema kijana kwa upole. "Ukifika utupigie. Tunafunga saa kumi."

Bi Idil alikuwa akihesabu funguo. Beseni lake la maji lilitikisika kidogo kwa kicheko alichokizuia.

Awil alitoka akazunguka mjini. Alijaribu mashine tatu za kutolea fedha. Ya kwanza ilimrudishia kadi, ya pili ikamrudishia kadi, ya tatu ikakaa nayo dakika nzima, kisha nayo ikamrudishia, kama ng'ombe anayetema jani baya. Saa sita mchana chumba cha upasuaji kilifungwa. Nafasi ya Halimo alikuwa amekwishapewa mtu mwingine, aliyekuwa na mfuko wa plastiki.

Jioni, chumbani gesti, Ubah aliuliza tena kuhusu Guled. Awil akasema, "Nimesema subiri."

*

Jumapili mji ulivaa nyeupe. Ngoma zilipita, mapadri wakapita chini ya miavuli ya dhahabu, umati ukaimba. Awil, aliyekuwa ametoka kumtafuta mtu wa Hargeisa ambaye angemwamini na kumkopesha, alijikuta katikati yao. Kijana mmoja kwenye njia panda alikuwa na mpira wa maji ya baraka, akiwanyunyizia watu wote bila kuuliza dini. Akamlowesha Awil kichwa mpaka viatu, na umati ukamshangilia.

Akarudi gesti akichuruzika, akafungua mlango wa chumba cha wanawake. Halimo alikuwa ameketi kitandani, uso umeelekea mlangoni kabisa.

"Nani huyo?" aliuliza.

Awil alisimama pale. Mwanga wote wa uani ulikuwa nyuma yake. Siku mbili nyuma Halimo alikuwa akimjua kwa shati lake kutoka upande wa pili wa ua.

"Nani amesimama mlangoni? Ubah, kuna mtu au hakuna?"

"Ni mimi, mama."

"Aa. Mkwe." Akatega sikio. "Mbona unadondoka maji?"

Awil aliurudishia mlango. Alishuka ngazi, akaenda moja kwa moja kwenye kaunta, akaomba aruhusiwe kupiga simu. Bi Idil alimtupia taulo.

Guled alipokea katikati ya mngurumo wa lori.

"Shemeji," alisema Awil. "Kadi imegoma. Mama hajapasuliwa."

"Tangu lini?"

"Ijumaa."

Mngurumo ukaendelea. Halafu ukazimwa, Guled alikuwa amesimamisha lori.

"Kiasi gani?"

"Elfu moja na mia tisa. Lakini sijui zitafikaje huku, laini yangu—"

Bi Idil alinyoosha mkono akaichukua simu kutoka sikioni kwake.

"Wewe kaka," aliiambia simu. "Una fedha kwenye simu yako? Basi mtumie dada yangu Hargeisa, nakupa namba. Yeye akinipigia kwamba zimeingia, mimi nawapa hawa birri hapa, mkononi. Nakata dola nne kwa kila mia. Biashara ni biashara, dua ni bure." Akamgeukia Awil huku akifunika simu kwa kiganja. "Kumbe una mtu Hargeisa mwenye simu? Na umenitesea mgonjwa chini ya paa langu siku tatu? Nafanya kazi hii kila siku ya Mungu!"

"Sikujua, dada. Hujaweka kibao."

"Kibao!" alisema Bi Idil. "Niweke kibao polisi waje kunywa chai?"

Akamrudishia simu. Awil aliisikia pumzi ya shemeji yake upande wa pili. Alilisubiri lile neno. Alilistahili, na kwa namna fulani alilitamani, kama mtu anayetaka jino ling'olewe yaishe.

"Sema basi," alisema.

"Niseme nini?"

"Kuhusu mkanda."

"Awil, niko katikati ya barabara. Nitajie namba."

Fedha ziliingia baada ya saa mbili, kwa vipande vinne, kutoka simu nne tofauti. Guled hakueleza ni za nani, na ada ya Bi Idil aliitoa mwenyewe. Bi Idil alihesabu birri juu ya kaunta, kitita kwa kitita, akavifunga kwenye mfuko wa plastiki. Jumanne asubuhi Awil aliubeba mfuko huo hadi dirisha la Selamawit. Trrrr, ilisema mashine. Risiti ikatoka.

*

Baada ya upasuaji Halimo aliamriwa alale kifudifudi siku saba, ili mafuta aliyotiwa jichoni yaukandamize utando mahali pake. Kwa hiyo aliongea na sakafu. Aliiagiza sakafu chai, akaisimulia sakafu habari za Burao pamoja na Bi Idil aliyekuja kuketi naye jioni, akaiuliza sakafu kama mkwe wake amekula. Awil alipika uji, akauleta, akakaa nje ya mlango na kijiko mkononi.

Siku ya nane Daktari Fikremariam alitoa bandeji. Akasogeza vidole mbele ya uso wa Halimo.

"Ngapi?" alitafsiri Bedri.

Halimo alikunja uso. "Mwanga naona. Naona kitu kinatembea. Ni mkono. Vidole... sijui. Vipo."

Daktari alishusha mkono, akaongea kwa muda, kwa sauti yake ile ya chini, akimtazama Awil mara moja tu. Bedri akakohoa.

"Anasema tumshukuru Mungu, upasuaji umekwenda vizuri."

"Hakusema hivyo," alisema Halimo.

"Mama?"

"Amesema maneno mengi, wewe umetupa machache. Umelipwa nusu siku nzima, mwanangu. Lete na yaliyobaki."

Bedri alimtazama Awil. Awil akamwashiria aseme.

"Anasema utando umerudi. Lakini katikati ya jicho palibanduka Jumapili au Jumatatu. Angekupasua Jumamosi, ungesoma herufi. Sasa utaona mwanga, watu, milango. Sura, hapana. Na baada ya miezi sita mrudi, mafuta yatolewe."

Ubah aliushika mkono wa mama yake. Awil alikuwa ametazama ukutani. Alitaka kusema jambo kuhusu benki, kuhusu fomu, kuhusu kijana mwenye adabu, na yote yalikuwa ya kweli.

"Mama," alisema, "ni mimi. Guled angeleta siku ile ile. Ubah aliniambia, nikakataa."

"Najua," alisema Halimo. "Nilikuwa kipofu, sikuwa kiziwi. Gesti ile kuta zake ni za mbao."

Akanyanyuka, akapapasa ukingo wa meza, akautafuta mlango. Aliupata mwenyewe.

*

Walirudi kwa basi, kuokoa nauli ya ndege. Walipofika Wajaale, simu ya Awil ikafufuka. Ikalia mara saba mfululizo: namba saba za uthibitisho, kila moja chini yake imeandikwa kwamba inatumika kwa dakika tano. Ikalia mara ya nane. Ilikuwa ni Guled, jibu la siku kumi na tano zilizopita, la ule ujumbe wa mkanda: *Safari njema. Nitunzie mama.*

Awil aliusoma, akaizima simu, na hakuiwasha mpaka Hargeisa.

Benki walimfungulia kadi kwa dakika mbili. Walikata ada ya kuifunga na ada ya kuifungua, wakamshauri safari nyingine awajulishe mapema. Awil akaomba salio lote kwa noti. Mhudumu alimwuliza mara mbili kama ana hakika. Akazibeba kwa miguu, katikati ya soko, mkononi, watu wakimtazama.

Nyumbani aliziweka mbele ya Halimo, kwenye mkeka. Guled alikuwepo, na Ubah. Halimo alizipapasa. Noti ya dola mia na noti ya dola ishirini zina urefu mmoja na upana mmoja. Aliyezitengeneza hakuwafikiria watu wa aina yake.

"Hii?"

"Mia, mama."

"Na hii?"

"Mia."

Zilipofika kumi na tisa akazisukuma upande. "Guled, warudishie wenyewe." Kisha: "Zimebaki ngapi?"

"Mia nne na sitini."

"Na kuyatoa hayo mafuta?"

"Mia saba. Pamoja na nauli," alisema Awil.

Ubah alihesabu kwa vidole. Guled alijikuna shingo.

"Miezi sita si mbali," alisema. "Mimi nilikuwa nawaza, safari hii, hii kadi si umeshaijua sasa? Ukijaza ile fomu yao..."

"Kadi?" Awil aliruka. "Noti, shemeji! Noti na mkanda, kama ulivyosema wewe!"

"Mvuliwe kobazi?"

"Tutaandika kwenye fomu ya mpakani!"

"Hebu fikiri, Awil, dunia imebadilika..."

Halimo alizikusanya zile mia nne na sitini, akazifunga kwenye ncha ya mtandio, akasimama.

"Mna miezi sita ya kubishana zitasafirije," alisema. "Mimi kwanza nataka ziwepo. Awil, kazi yako nini?"

"Dalali, mama."

"Dalali wa nini?"

"Mifugo."

"Twende ukaninunulie mbuzi, wazae hizo zilizopungua. Hilo nasikia unalijua."

Wakaenda. Mnadani palikuwa na vumbi na kelele, na Halimo alishika kiwiko cha mkwewe, jambo ambalo siku nyingine wote wawili wangeona aibu. Awil alichagua mbuzi watano, akabishana bei na muuzaji kwa kubonyezana vidole chini ya shuka, kama ilivyo desturi ya madalali, akaipata vizuri. Kisha Halimo akafungua ncha ya mtandio, akampa muuzaji noti.

Muuzaji alizitazama, akamwekea Awil mkononi.

"Awil Jama, hiki ni kitu gani? Nitatembea na makaratasi haya mpaka wapi? Nitumie kwa simu."

Awil alisimama na noti mkononi. Simu yake ilikuwa na dola mbili. Akatazama huku na huku, akaanza kuvuka uwanja kumtafuta wakala wa kumwingizia fedha kwenye simu, vumbi likipanda kwenye suruali yake iliyopigwa pasi.

Halimo alibaki ameshika kamba tano. Aliinama akawapapasa mbuzi mmoja mmoja, mgongo, mbavu, kiwele, meno. Alipofika wa tatu akarudia mbavu mara ya pili, akatega sikio kifuani pake.

"Huyu anakohoa," alimwambia muuzaji. "Mrudishe, niletee mwingine. Upesi, kabla mkwe wangu hajarudi kulipa."